Dawa za Marehemu Si Urithi

Kuna sadaka moja inayotolewa katika nyumba nyingi za mji wetu wa Likasi, nami naipinga kwa nguvu zangu zote, ijapokuwa wanaoitoa ni watu wema, tena wenye kusali sana. Ni sadaka ya vidonge vilivyobaki. Mgonjwa amepona, au amekufa, na dawa alizoandikiwa na dokta hazikwisha. Basi hutiwa katika kopo la maziwa ya unga, kopo huwekwa juu ya kabati, na siku jirani akija analalamika kichwa au tumbo, kopo hushushwa. "Chukua hivi viwili, mama, vilimsaidia sana baba." Jirani hushukuru na kwenda zake. Hakuna aliyeuliza ni dawa ya nini.

Nisije nikaonekana mwenye kuhukumu wenzangu, naanza na kosa langu mwenyewe. Hapa Shituru alifariki mzee mmoja, mfanyakazi wa zamani, aliyekuwa na ugonjwa wa sukari. Nilikuwa nikimtembelea kwa sala mpaka mwisho wake. Matanga yalipokwisha, watoto wake walinipa mfuko wa dawa zake, wakasema, "Baba Katekista, wewe unawajua maskini, uwagawie." Nilifurahi kama mtu aliyekabidhiwa kikapu cha mikate. Nikagawa. Mama mmoja alipata kipande cha vidonge ambacho jina lake lilikuwa limekatika, akadhani ni dawa ya homa. Usiku akampa mtoto wake wa miaka mitatu nusu kidonge. Kumbe ilikuwa dawa ya kushusha sukari katika damu! Mtoto alitokwa na jasho la baridi, akatetemeka, akalala usingizi usioamshika. Wakamkimbiza hospitali, wakamtia maji ya sukari katika mshipa, na kwa rehema ya Mungu yu hai hata leo. Mama yule hakunilaumu hata kwa neno moja. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Labda mmoja atasema: katekista hakujua kutambua dawa, basi wagawe wale wanaojua. Ndugu, hata ajuaye anadanganyika. Kati ya mwisho wa mwaka 2014 na katikati ya 2015, kule Ituri, mamia ya watu, na wengi wao watoto, walishikwa na ugonjwa wa ajabu: shingo zilipinda, macho yaligeuka juu, ulimi ulitoka nje. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi ulipofanyika, ikaonekana kwamba chupa za vidonge ziliandikwa diazepamu, na ndani yake ilikuwamo haloperidoli, dawa wanayopewa wagonjwa wa akili. Ikiwa chupa nzima, yenye maandishi yake, imeweza kudanganya watu wengi hivyo, wewe utajuaje kilichomo katika kopo lako la maziwa, ambamo nyeupe na nyeupe zimechanganyika?

"Lakini dawa ni pesa," nimeambiwa mara nyingi, "na kutupa ni kumchukiza Mungu." Najua bei ya dawa, nami nina watoto. Hata hivyo tujiulize kwanza kwa nini zilibaki. Dawa ya malaria ya mtu mzima iitwayo arthemeta na lumefantrini ni vidonge 24: vinne asubuhi, vinne jioni, kwa siku 3. Mgonjwa akiona homa imeshuka jioni ya siku ya pili, anaacha, anajisifu kwamba ameweka akiba ya vidonge 8. Akiba gani hiyo? Yeye mwenyewe ameponywa nusu, na jirani atakayepewa hivyo 8 ataponywa theluthi. Vijidudu vinavyoonja dawa bila kufa vinazoea. Wazee wetu wote walimeza klorokini, na ilikuwa dawa kweli. Mwaka 2001 nchi yetu ililazimika kuiacha kwa sababu malaria ilikuwa haiiogopi tena. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kuiheshimu dawa kama kazi ya Mungu. Hakufundisha kuiweka kabatini. Naye Msamaria mwema alimimina mafuta na divai juu ya majeraha ya mtu aliyemwona kwa macho yake, kisha akamkabidhi kwa mwenye nyumba ya wageni na kumlipia. Anayetaka kumhurumia jirani mgonjwa amfuate huyo: amsindikize kwenye kituo cha afya, na akiweza amlipie karatasi ya dokta.

Haya, tukitoka katika kugawa, tusiangukie katika kutupa ovyo. Kwenye jalala ndipo watoto wetu wanapookota vyuma na chupa, na kidonge chekundu ni peremende machoni pao. Chooni na mferejini je? Maji ya Likasi hushuka mpaka mto Panda, Panda huingia Lufira, na Lufira hujaza ziwa Tshangalele, tunakopata samaki. Wataalamu wamekwisha kupima samaki wa ziwa lile na kukuta ndani yao shaba na kobalti. Mzigo huo unawatosha, tusiwaongezee wa vidonge. Na kuchoma uani, pamoja na plastiki zake, ni kuwavutisha moshi majirani.

Dawa irudi ilikotoka. Nchini Ufaransa, tangu sheria ya mwaka 2007, kila duka la dawa linawajibika kupokea dawa zilizobaki nyumbani, nazo huchomwa katika matanuru makubwa. Zamani sehemu yake waliichagua na kuituma kwa nchi maskini kama msaada. Mwishoni mwa 2008 wakaacha kabisa, maana waliona madhara yake. Wageni wanaotujia bado na masanduku ya vidonge vilivyofunguliwa wangepaswa kulijua jambo hilo, nasi tungepaswa kuwaambia pasipo haya.

Hapa kwetu nilijaribu. Nilipeleka masalio ya mfuko ule kwa mwenye duka moja la dawa. Akacheka mbele ya wanunuzi: "Baba Katekista, mimi nauza, sinunui." Nikamwambia kwamba sitaki hata franka moja. Akanirudishia mfuko. Kwake yeye na wenzake nasema hivi: cheti chenu mmekitundika ukutani ili tuwaamini tunaponunua, basi tuwaamini pia tunaporudisha. Anayepata faida katika kuuza dawa hawezi kumwachia mjane wa mteja wake kazi ya kuiteketeza.

Wako watakaonong'ona kwamba duka litazipanga tena rafuni na kutuuzia. Hofu hiyo si ya bure. Kwa hiyo vidonge vikatwe kwa makasi mbele ya aliyeleta, viandikwe katika daftari, vitiwe katika ndoo yenye kufuli, na kamati ya afya ya mtaa ishike ufunguo. Ndoo ikijaa, ofisi ya zoni ya afya ipeleke kwenye moto unaostahili. Usiniambie moto huo haupatikani! Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 1999, limetaja matanuru makali, hata yale ya saruji. Nasi tu watu gani? Baba zetu walizeeka mbele ya tanuru. Shaba haiyeyuki mpaka moto ufike digrii 1,085, na katika Katanga hii imeyeyushwa kwa zaidi ya miaka mia. Mabwana wa viwanda wakiombwa kwa barua yenye mhuri wa zoni ya afya wapokee ndoo chache kwa mwaka, pale wataalamu watakapoona tanuru linafaa, sidhani watakosa nafasi.

Jumapili iliyopita, baada ya Misa, nililisema neno hili kwa viongozi wa jumuiya zetu. Watatu waliniletea makopo yao jioni ile ile. Mmoja alikasirika, akasema nawanyima maskini. Makopo yako katika sanduku langu la mbao, na ufunguo nauvaa shingoni pamoja na medali. Alhamisi nitakwenda tena kwa yule mwenye duka, na safari hii sitakwenda peke yangu: mama wa yule mtoto amesema atanisindikiza.