Ubongo hauna kitufe cha kuwasha upya

Juzi rafiki yangu tuliyesoma naye chuoni alinitumia video kuhusu matibabu ya sonona kwa sumaku. Chini yake akaandika: "Kumbe hata ubongo unazimwa na kuwashwa upya kama tarakilishi!" Nilicheka, kisha nikaudhika kidogo. Ngoja niwaambie kwa nini.

Mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake kule Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba ukiweka koili ya waya juu ya kichwa na kuipitishia umeme mwingi kwa muda mfupi mno, sumaku inayotokea hupenya fuvu na kuamsha seli za ubongo. Hakuna kupasuliwa wala kutiwa nusukaputi. Mwaka 2008, Marekani iliidhinisha mtambo wa namna hiyo kwa wagonjwa wa sonona ambao dawa haikuwasaidia.

Lakini unafanya nini huko ndani? Mwaka 2023, Anish Mitra na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti wa wagonjwa 33. Kati yao, 23 walipewa matibabu ya kweli na 10 ya bandia. Watafiti walitazama sehemu mbili za ubongo. Insula hupokea habari za mwili, kama mapigo ya moyo. Singuleti ya mbele huhusika na hisia. Kwa watu wenye afya, ishara hutoka insula kwenda singuleti. Kwa robo tatu ya wagonjwa, zilikuwa zinakwenda kinyume! Baada ya wiki ya matibabu, mwelekeo ulirudi kuwa wa kawaida, na sonona ikapungua.

Wenzangu wa programu, fikirieni kipima joto kinachotuma namba kwa programu. Sasa geuzeni: programu ndiyo inakiambia kipima joto kisome ngapi. Utabadilisha betri, utapangusa kioo, namba itabaki ile ile. Kuzima na kuwasha hakusaidii. Lazima urekebishe njia ya ujumbe.

Na hapa ndipo linaponigusa. Miaka michache iliyopita nilikaa wiki tatu bila kufungua kipakatalishi changu. Chakula kilikuwa kama karatasi mdomoni. Kila aliyenitembelea aliniambia, "Jikaze, wewe ni mwanaume." Nilijikaza mpaka nikaona haya kwa kushindwa kujikaza. Nilipona kwa msaada wa daktari, si wa sumaku. Ila niliposoma utafiti huu nilijiuliza: ningejikazaje, kama chombo cha kujikazia ndicho chenyewe kinaumwa?

"Washa upya" na "jikaze" ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanadai jambo hili ni jepesi. Si jepesi. Robo ya wale wagonjwa hawakuwa na hitilafu hiyo, kwa hiyo sonona si kosa moja linalotafutiwa mstari mmoja wa kurekebisha. Wapo wasiopata nafuu kwa sumaku. Na tafadhali, fundi usijaribu kujitengenezea koili nyumbani. Hata hospitalini matibabu haya huweza, mara chache, kuleta kifafa.

Basi rafiki akikwambia hana nguvu za kuamka, usimpe ushauri wa fundi wa kompyuta. Msindikize kwa daktari.

Nyinyi mwaonaje?