Ruhusa ya kupiga picha si ruhusa ya kuisambaza

Kila ukiingia Mfungo Mosi na harusi zikawa nyingi Unguja na Pemba, masuali tunayoletewa kuhusu picha huongezeka. Zamani muulizaji alitaka kujua: picha ni halali au haramu? Siku hizi suali ni jengine: binti yetu amepigwa picha ukumbini mbele ya wanawake, na usiku ule ule picha imefika kwenye simu za wanaume, nani mwenye dhambi? Jawabu la suali la kwanza halitoshi kulijibu la pili.

Tukumbushane kwa ufupi. Hadithi sahihi kwa Bukhari na Muslim zimewaonya vikali wenye kutengeneza sura. Kamera ilipoenea, wanavyuoni walikhitalifiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914 hadi 1920, aliandika risala ya kuruhusu: kwake mpiga picha haumbi kitu, anazuia tu kivuli cha alichokiumba Mwenyezi Mungu. Wengine, miongoni mwao Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia, waliona makatazo yanaihusu kamera pia, isipokuwa kwa dharura kama kitambulisho. Visiwani kwetu watu walikwishachagua bila ya kutusubiri masheikh. Capital Art Studio ilifunguliwa Mji Mkongwe mwaka 1930, na nyumba ngapi hazina picha ya babu na kanzu yake, amekaa kitini, uso mkavu?

Lakini picha ile ya babu ilitoka moja au mbili, ikatiwa kwenye albamu, albamu ikafungiwa kabatini. Mwenye kutaka kuiona alibisha hodi, akakaribishwa. Picha ya simu haibishiwi hodi. Bi harusi amepigwa nywele wazi, mikono ina hina, mbele ya wanawake wenzake, na hilo sheria haikulikataza. Shoga yake anaiweka WhatsApp kwa furaha tu, hana nia mbaya. Wifi inampendeza, anaituma kwenye kundi la ukoo lenye mashemeji na watoto wa mjomba. Asubuhi ipo Muscat na Dubai. Aliyeipiga akiifuta kwake, hajafuta kitu.

Kwa mtazamo wetu, mjadala wa kuumba na kuzuia kivuli hauwezi kulitatua hili. Mlango wake ni amana na sitara. Surat an-Nur, aya ya 27, inatutaka tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe idhini, na Mtume (S.A.W.) alibainisha kuwa idhini imewekwa kwa ajili ya jicho. Basi bi harusi aliyekubali kupigwa picha amekubali jicho la waliokuwepo. Kila anayeituma mbele anahitaji idhini mpya, na asiyeiomba amefanya khiyana, hata akiwa mama mkwe. Anayeipokea akaitazama na kuihifadhi naye ameshiriki.

Limezuka na jambo zito zaidi. Akili mnemba sasa inatwaa uso kutoka picha ya heshima na kuupachika kwenye mwili usio wake. Hapa hoja ya Sheikh Bakhit haimsaidii mtu, kwani hapana kivuli kilichozuiliwa. Tukio lenyewe halikuwepo. Ni uzushi, na ukimhusisha mwanamke na uchafu, tunaona dhambi yake iko jirani na kuwasingizia zinaa wanawake wanaojihifadhi. Mume aliyeletewa picha ya namna hiyo asitoe talaka juu ya simu. Surat al-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuthibitisha khabari, na picha leo ni khabari kama khabari nyengine.

Wapo wenye shughuli wanaokusanya simu mlangoni mwa ukumbi na kumwachia mpiga picha mmoja wa kike. Baadhi ya wageni hununa. Wanune, mwenye shughuli ana haki hiyo, kama alivyo na haki ya kusema nani aingie ndani. Na mpiga picha naye aulizwe kabla ya kulipwa: picha zinabaki kwa nani, na kompyuta yake huko nyumbani anaitumia nani mwengine?