Dalali na Daftari Lake

Atakaye kumwona mtu asiye na tajiri wala mshahara, lakini ambaye fedha nyingi hupita mikononi mwake, na aende katika soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, wakati wa mavuno. Mkulima ashusha magunia yake ya mahindi; mnunuzi amekuja na lori kutoka mbali; na katikati yao yupo dalali, ambaye hana shamba wala lori. Yeye huwakutanisha, husimama penye mizani, hushika fedha kwa muda, kisha hupewa ujira wake kwa kila gunia. Mtu wa namna hiyo yupo pia Dodoma mjini, akitafutia watu viwanja huko Nzuguni na Iyumbu, kazi iliyostawi sana tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia kwa vitendo katika makao makuu yaliyoamuliwa mwaka 1973. Na yupo katika kibanda cha kutuma na kutoa fedha kwa simu, akiwa wakala wa kampuni ambayo haikumwajiri.

Twapenda kusema mapema kwamba hawa nao ni wafanyakazi. Wako wenzetu wapendao kuwakusanya madalali wote chini ya jina la walanguzi, na kwa kweli wamo walanguzi kati yao. Lakini anayemtafutia mkulima wa Mlali mnunuzi mwenye bei nzuri, akachukua ujira waliopatana, hakumwibia mtu. Neno letu la leo ni jingine. Ni juu ya kodi ya mapato.

Mfanyakazi wa ofisini au kiwandani hana la kuficha. Kodi yake hukatwa kabla mshahara haujamfikia. Yule ambaye mshahara wake unaotozwa kodi ni Sh. 400,000/- kwa mwezi hutoa asilimia 8 ya kile kinachozidi Sh. 270,000/-, yaani Sh. 10,400/- kila mwezi, nazo kwa mwaka ni Sh. 124,800/-. Hakuulizwa kama anapenda. Sasa mtazame dalali ambaye ujira wake wa mwaka ni hizo hizo Sh. 4,800,000/-. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wadogo, mapato ya mwaka yasiyozidi Sh. 4,000,000/- hayatozwi kitu. Kutoka hapo hata Sh. 7,000,000/-, mwenye kuweka hesabu hutozwa asilimia 3 ya ile ziada tu. Basi dalali huyu, akiwa na daftari lake, atalipa Sh. 24,000/- kwa mwaka mzima. Asipokuwa na daftari atalipa Sh. 100,000/-.

Na aliyezoea kulalamika kwamba kodi ni mzigo wa kumwangamiza mnyonge, na azitazame namba hizo mara mbili. Mzigo mkubwa zaidi hapa ni ule wa kukosa daftari.

Lakini liko jambo linalowatisha madalali wengi, nalo lina maana. Tuseme dalali mmoja wa Kibaigwa ameuza magunia 5,000 kwa mwaka, kila gunia kwa Sh. 60,000/-, naye akachukua Sh. 1,000/- kwa gunia. Fedha zilizopita mikononi mwake ni Sh. 300,000,000/-. Zilizo zake ni Sh. 5,000,000/-. Kodi ya Sh. 5,000,000/-, kwa mwenye hesabu, ni Sh. 30,000/-. Lakini afisa akikuta milioni 300 zimeingia na kutoka katika simu au benki ya mtu huyu, wala pasiwe na karatasi yoyote ya kueleza zilikuwa za nani, atafikiri nini? Atadhani amemkuta mfanyabiashara mkubwa aliyejificha chini ya mti, kwa maana utaratibu huu wa wadogo hukoma kwenye Sh. 100,000,000/- kwa mwaka. Wala hatuwezi kumlaumu afisa huyo kwa kutojua jambo ambalo mwenyewe hakuliandika.

Fedha ya mkulima si pato la dalali. Hilo ni wazi kwa kila mwenye akili. Ila yapasa lithibitishwe, na uthibitisho wenyewe si mgumu: tarehe, jina la mkulima, jina la mnunuzi, idadi ya magunia, bei, na ujira. Mistari sita. Wa viwanja naye aandike kiwanja ni cha nani, kimeuzwa kiasi gani, na yeye alipewa nini. Sheria ya mwaka 2015 ya usimamizi wa kodi yataka kumbukumbu zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 5. Basi daftari lisifungiwe karanga.

Wako wanaojibu, "Mimi nimekwisha kulipa," huku wakitoa stakabadhi ya ushuru wa mazao. Ndugu zetu hawa wanajidanganya. Ushuru ule ni wa halmashauri, na aliyetozwa ni mnunuzi wa mazao. Haukugusa ujira wa dalali hata senti.

Wakala wa fedha za simu ana hali yake mbali. Kampuni inapompa kamisheni hutakiwa kukata asilimia 10 na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Wengi huona tu kwamba kamisheni imepungua, wasiulize. Mkataji anapaswa kumpa aliyekatwa hati ya kuonyesha kiasi kilichozuiwa. Wakala aidai hati hiyo kila mara, aiweke, naye aende nayo mbele ya afisa anapofanya hesabu ya mwaka. Sisi twaona ya kuwa Mamlaka ingefanya jambo la haki kama ingebandika katika kila ofisi, kwa Kiswahili chepesi, namna makato hayo yanavyohesabiwa kwa wakala mdogo. Mwaka 2021 Bunge, likiwa hapa hapa Dodoma, lilipitisha kwamba lugha ya sheria iwe Kiswahili. Mwenye kibanda cha Majengo bado hajaiona faida yake.

Tuna shauri jingine. Makadirio ya mwaka hutakiwa kabla ya mwisho wa Machi, na malipo hugawanywa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kwa mwenye duka hilo lafaa. Lakini katika nchi hii ya Ugogo mwezi Machi mahindi na mtama bado viko shambani, na mvua ndiyo ijuayo kama kutakuwa na gunia la kuuzwa. Dalali wa nafaka aulizwapo Machi atapata kiasi gani, anaulizwa habari za mawingu. Bahati njema sheria haimfungi na namba aliyoitaja. Yamruhusu kuirekebisha mwaka unapoendelea. Mvua zikikatika mapema, aende ofisini akarekebishe, asingoje deni limfuate. Na akiletewa hesabu ya kodi asiyoikubali, anazo siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi. Hapo nako mna ugumu, kwa sababu hutakiwa atangulize theluthi ya kodi iliyodaiwa, au kiasi kile asichokibishia kama ndicho kikubwa zaidi. Kwa mtu aliyekadiriwa isivyo haki, theluthi hiyo yaweza kuwa mtaji wake wote. Wabunge wetu wangelitazama jambo hilo tungewashukuru.

Namba ya mlipa kodi hutolewa bure, na anayeanza biashara hutakiwa kuiomba ndani ya siku 15. Tusemapo bure twakusudia bure. Atakayekudai fedha njiani kwa ajili hiyo ni dalali wa aina ile mbaya. Viongozi wa soko la Kibaigwa wangefanya vema kuwaita maafisa wa mapato waje sokoni mwezi Mei, kabla magunia hayajaanza kujaa, wakae na madalali chini ya paa lile lile la mizani, daftari likiwa wazi mbele yao.