Ukimya wa Mwili Si Amani

Mwanamume wa Ikuti anayeamkia shamba la chai au migomba yake, asiyehisi maumivu wala kuona usaha, huamini kwamba hana ugonjwa. Mkewe akigunduliwa kuwa na klamidia, yeye hujibu: "Mimi ni mzima." Jibu hilo halitoshi, na sisi wahudumu wa afya tumelizoea mno.

Klamidia na kisonono huweza kukaa katika mrija wa mkojo wa mwanamume bila dalili yoyote. Watafiti waliowapima wanaume wa vijijini mkoani Mwanza katika miaka ya 1990 waliona kwamba wengi wa walioambukizwa hawakuwa na malalamiko. Hata hivyo, mwili haukuwa umelala. Chembe nyeupe za damu hukusanyika palipovamiwa, na mkojo wa mwanzo huweza kuzionyesha hata pasipo usaha. Vita hivyo havileti ushindi daima. Klamidia hujificha ndani ya chembe za mwili. Kimelea cha kisonono hubadili sura yake ya nje, hata kinga iliyojifunza jana isikitambue leo. Ndiyo maana aliyepona huweza kuambukizwa tena.

Kinga hiyo ina gharama. Miongoni mwa chembe zinazokusanyika zimo zile ambazo VVU huzishambulia, hivyo mlango wa virusi hupanuka. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40.

Tiba hiyo ilifuata dalili, nayo haiwezi kumwona asiye na dalili. Anayeweza kutuonyesha njia ya kumfikia ni mwenza wake. Kwa hiyo, mhudumu mwenzangu, mwite mume kwa staha, faraghani, bila kumhukumu. Umweleze pia kwamba maambukizi yaweza kuwa ya zamani, hivyo si lazima yawe ushahidi wa usaliti wa juzi.

Nawe, baba, usinunue vidonge dukani kwa kubahatisha, maana usugu wa kisonono dhidi ya dawa unaongezeka. Njoo upimwe, mtibiwe pamoja, na mjizuie kujamiiana hadi mmalize tiba. Mke anayetibiwa peke yake hurudi nyumbani kuambukizwa upya, na gharama yake yaweza kuwa ugumba.