Seneti ikifutwa, Longonot haitaumia. Lamu je?

Majuzi safari ilinisimamisha Longonot, chini ya mlima, tukitoka Nakuru. Gari liliharibika, tukashuka tukakaa penye vibanda vya mboga. Mkulima mmoja alikuwa na redio, na redioni wanajadili kubadilisha Katiba. Akanigeukia: "Mzee, hii Seneti ni ya nini? Tuko na mbunge, tuko na gavana. Wafunge, pesa zitengeneze barabara."

Maneno hayo hata huku kwetu nayasikia barazani. Lakini yakisemwa Longonot yana maana moja, na yakisemwa Lamu yana nyingine.

Longonot iko eneo bunge la Naivasha, kaunti ya Nakuru, yenye maeneo bunge 11. Seneti ikiondoka, Nakuru inabaki na wabunge 11 wa kuipigania. Lamu inao 2. Kaunti zetu sita za Pwani zikijumlishwa, Mombasa 6, Kwale 4, Kilifi 7, Tana River 3, Lamu 2 na Taita Taveta 4, tuna maeneo bunge 26 kati ya 290. Hayafiki tisa katika kila mia. Katika Seneti, kila kaunti ina seneta mmoja wa kuchaguliwa, kwa hivyo tuna 6 kati ya 47, karibu 13 katika kila mia.

Mtu wa Nakuru aweza kuuliza: sisi ni zaidi ya milioni 2, Lamu haifiki laki mbili, usawa uko wapi? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba ndiyo sababu nyumba ni mbili. Moja inahesabu watu, ya pili inahesabu mahali. Ukibakisha ya kuhesabu watu peke yake, penye watu wachache hapana sauti.

Na hili tumeliona kwa macho. Mwaka 2020 ilipoletwa fomula mpya ya kugawia kaunti fedha, iliyotilia mkazo idadi ya watu, kaunti kadhaa za Pwani, zikiwemo Kwale na Tana River, zilikuwa zipoteze pesa. Maseneta wakavutana wiki baada ya wiki, kura ikarudiwa na kuahirishwa. Septemba wakakubaliana kwamba isipotee hata kaunti moja, na fomula ingoje hadi mgao ufike shilingi bilioni 370. Kama uamuzi ungekuwa wa nyumba ya watu wengi, tungeshindwa mchana kweupe.

Wazee watakumbuka kwamba Seneti ya kwanza tuliwahi kuipoteza. Katiba ya 1963, iliyobeba majimbo aliyoyapigania Ronald Ngala na KADU, ilikuwa na maseneta 41. Vifungu vyake vikuu havikuguswa bila idhini ya asilimia 90 ya Seneti. KADU ikavunjwa Novemba 1964. Mwaka 1965 kiwango kikashushwa hadi asilimia 65. Mwishoni mwa 1966 nyumba mbili zikaunganishwa kuwa moja. Maseneta wenyewe hawakupoteza kitu: walipewa viti katika Bunge jipya, na muda wa Bunge ukaongezwa hadi 1970. Waliobaki mikono mitupu ni wale waliowatuma. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hata Seneti tuliyo nayo ilipunguzwa karibu na pale nilipokaa. Januari 2010 kamati teule ya wabunge ilikutana Naivasha kupitia rasimu ya Katiba. Walipotoka, ngazi ya majimbo ilikuwa imeondolewa na Seneti imepunguzwa nguvu. Bunge la Kitaifa lilikuwa likichora mipaka ya mwenzake. Ndiyo maana kufikia 2013 Seneti ililazimika kwenda Mahakama ya Juu kuthibitishiwa kwamba ina neno katika mswada wa kugawa mapato.

Sasa tuangalie mswada wa marekebisho wa 2025. Bunge la Kitaifa liliupitisha Julai. Unaingiza ndani ya Katiba hazina tatu: NG-CDF ya wabunge, NGAAF ya wawakilishi wa wanawake, na hazina ya maseneta ya kusimamia kaunti. Kila mmoja ametiwa chake mfukoni. Ya 1966 yalianza hivyo hivyo, kwa kuhakikisha mwenye kiti haumii. Seneta anayegawa pesa naye atamkagua gavana kwa uso gani?

Sisemi Seneti yetu ni malaika. Baadhi ya maseneta wanaonekana kwao siku za mazishi na harusi tu. Lakini mtumishi akizembea hubadilishwa yeye, nyumba haibomolewi.

Kifungu cha 255 kinasema kazi za Bunge na muundo wa ugatuzi havibadilishwi bila kura ya maamuzi. Basi akija mtu na marekebisho, iwe msikitini, sokoni au mkutanoni, tusimuulize kwanza yatagharimu kiasi gani. Tumuulize: Lamu itabaki na sauti ngapi? Asiyekuwepo na lake halipo.

Yule mkulima nilimweleza hesabu ya 11 na 2. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi nyinyi msikubali." Gari likawaka, tukaondoka.