Andalio la Somo na Sweta Lililobadilishwa Sindanoni

Ndugu wanachuo, miongoni mwa maswali ambayo sisi wakufunzi hupenda kuyakwepa limo hili: mwalimu aliye katikati ya kipindi, akitambua kwamba somo alilolipanga haliwaenei watoto walio mbele yake, afanye nini? Aendelee na andalio kama lilivyoandikwa, aliweke kando, au alibadilishe kazi ikiwa mkononi? Vitabu vya mbinu za kufundishia hulijibu swali hili kwa sentensi moja, kwamba andalio ni mwongozo wala si amri, kisha hupita. Fomu ya kukagua mazoezi ya kufundisha, ambayo ndiyo itoayo alama, hulijibu kwa namna nyingine. Mimi jibu langu nililipata mahali nisipopatazamia, nalo nililipata kwa kuchelewa.

Baadhi yetu tukaao Iringo na mitaa ya jirani hapa mjini Musoma hukutana Jumamosi alasiri kufuma masweta ya kuwapa watoto wa kitengo cha elimu maalumu katika shule moja ya msingi. Msomaji wa mbali huenda akauliza sweta ni la nini kando ya Ziwa Victoria, mahali palipo digrii moja na nusu tu kusini ya Ikweta. Asisahau kwamba mji huu umekaa zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwamba mtoto asiyeweza kukimbiakimbia na wenzake, bali hukaa mkekani kutwa nzima, hupatwa na baridi ambayo mwalimu asimamaye ubaoni haisikii.

Karatasi ya maelekezo niliyopewa ilikuwa imetoka katika kitabu kilichochapishwa Uingereza. Ilieleza sweta la kuvaliwa kwa kupitisha kichwani, lenye mzunguko wa kifua wa sentimeta 66, kwa uzi wa sufu. Ilitaka vitanzi 22 katika kila sentimeta 10, na hivyo ikaagiza kuanza na vitanzi 144 kwa kuzunguka. Sisi hatukuwa na uzi wa sufu. Tulikuwa na uzi wa pamba tuliopewa na msamaria mmoja, na katika mkoa ulimao pamba kama huu wetu nani angeikataa? Nilifuma kipande kidogo cha majaribio, nikahesabu vitanzi 22 barabara, nikafurahi, nikaanza kazi.

Nilipofika sentimeta 12 kwenda juu nililaza kazi mezani na kuipima. Mzunguko ulikuwa sentimeta 72. Nilihesabu tena vitanzi nikitumaini kwamba nilikosea kuanza. Vilikuwa 144 vilevile. Kilichobadilika kilikuwa mkono wangu. Kile kipande cha majaribio nilikifuma kwa kwenda na kurudi, nikiwa na hofu ya mgeni wa kazi, nikaukaza uzi. Katika kuzunguka, hofu ilipokwisha na mazungumzo yalipokolea, mkono ulilegea, na kila sentimeta 10 zikawa na vitanzi 20 tu. Yafaa wanachuo walikumbuke jambo hili mnapofundishana ninyi kwa ninyi chuoni kabla ya kwenda mashuleni. Kipindi cha majaribio mbele ya wenzako, ambao jibu wanalijua na heshima wanakutunzia, ni kipande kidogo kilichokazwa kwa hofu. Hakisemi uongo, lakini hakisemi yote.

Nilishika ncha ya uzi ili nifumue. Mama mmoja jirani yetu, mshonaji wa siku nyingi, ambaye ndiye aliyetufundisha wengi wetu kushika sindano, akanizuia.

“Mwalimu, usifumue. Hesabu kwanza.”

“Mama, limekuwa pana mno.”

“Pana wapi? Chini. Mtoto mwenyewe hukaa chini kutwa. Acha nyonga zipate nafasi. Kifua ndicho ukibane.”

Basi nikahesabu. Kwa vitanzi 20 katika sentimeta 10, sentimeta 66 zinataka vitanzi 132. Mimi nilikuwa na 144, kwa hiyo vya kuondoa ni 12. Ukigawa 144 kwa 12 unapata mafungu ya vitanzi 12 kila moja, na katika kila fungu kimoja kinapaswa kutoweka. Nikafuma vitanzi 10, nikaunganisha viwili kuwa kimoja, nikarudia hivyo mara 12. Mstari mmoja tu, na kazi ya Jumamosi mbili ikaokoka.

Nilipokaribia kwapa yalitokea mengine. Mwalimu wa kitengo alipita kutusalimu, akatutajia kwamba mtoto niliyepangiwa hawezi kuinua mkono wake wa kushoto juu ya bega. Karatasi ya maelekezo haikujua hilo, wala mimi sikuuliza. Sweta la kupitisha kichwani lingemlazimu avishwe na mtu mzima kila asubuhi, tena kwa maumivu. Zaidi ya hayo, uzi wa pamba hauvutiki na kurudi kama sufu, kwa hiyo hata shingo ya kawaida ingekibana kichwa. Nilifunga vitanzi 6 katikati ya kifua, nikaacha kuzunguka na kuanza kufuma kwa kwenda na kurudi, ili upande wa mbele ubaki wazi kutoka kifuani hadi shingoni, upate kutiwa vifungo. Hapo nilipima upya, maana nilikwisha kujua kwamba mkono wangu wa kwenda na kurudi si mkono wangu wa kuzunguka.

Sasa niruhusiwe kurudi darasani. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kumkagua mwalimu-mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja wilayani Bunda. Andalio lake la Hisabati lilisema kwamba mwisho wa kipindi cha dakika 40 wanafunzi wataweza kujumlisha sehemu zenye asili moja. Katika utangulizi aliwauliza watoto ipi kubwa, robo au thumuni. Karibu darasa zima likajibu kwa sauti kwamba ni thumuni, kwa sababu 8 ni kubwa kuliko 4. Binti yule alinyamaza kidogo, akafuta ubaoni ile hesabu ya kujumlisha aliyokwisha kuiandika, akachana karatasi za daftari na kuwagawia. Wakazikunja mara mbili, wakazikunja mara tatu, wakalinganisha vipande. Kengele ilipolia walikuwa hawajajumlisha hata sehemu moja.

Mimi niliandika katika fomu: “Hakufuata andalio. Lengo halikufikiwa.” Nikampa alama za chini katika vipengele viwili. Nilimweleza kosa lake kwa upole, naye akanishukuru kwa adabu, jambo ambalo linaniuma zaidi kuliko kama angebisha.

Najua baadhi ya wakufunzi wenzangu watasema nilikuwa sahihi. Mmoja wao, ambaye namheshimu kwa uzoefu wake, aliniambia hivi: anayejifunza kufuma afuate karatasi hadi mwisho walau mara moja, kwa maana asiyejua kanuni hawezi kujua anabadilisha nini. Hoja hii ina uzito. Nimewahi kumkagua kijana mwingine ambaye, kwa kuwa zana zake zilisahaulika nyumbani, aliliacha andalio na kuwasimulia watoto visa kwa kipindi kizima. Alipoulizwa alijibu kwamba mwalimu bora hafungwi na karatasi. Huyo hakubadilisha chochote. Alikata uzi.

Lakini hebu tuwalinganishe hawa wawili. Yule binti alipima kwanza, kwa swali moja lililowafunua watoto wasichokijua. Alijua ni kitu gani kilichopungua, yaani maana yenyewe ya asili katika sehemu. Alipunguza alichokusudia kufundisha ili kilichobaki kiwatoshe watoto, wala hakuondoka katika mada. Kwa maneno ya wafumaji, alihesabu vitanzi kabla ya kuviunganisha. Kwamba alikuwa mgeni wa kazi hakuna uhusiano na usahihi wa hesabu yake. Fomu yangu ilikuwa na nafasi ya kuandika kama andalio lilifuatwa. Haikuwa na nafasi ya kuuliza kwa nini halikufuatwa, nami sikuitafuta pembeni mwa karatasi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni makuu mno kwa sweta moja. Sidhani, na hasa katika mji huu. Ni hapa Musoma, Novemba 1974, ambapo Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilipitisha Azimio la Musoma, likiagiza kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, badala ya 1989 kama ilivyopangwa awali. Mpango wa taifa zima ulibadilishwa ukiwa sindanoni. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu kwa miaka mitatu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na ya redio, na wengi wetu tulijifunza kusoma mbele ya walimu hao au mbele ya wanafunzi wao. Hesabu ya watoto ilifanywa vema, lakini hesabu ya vitabu na madarasa ilibaki nyuma. Hata hivyo sijapata kukutana na mzee katika Mkoa wa Mara aliyeniambia kwamba heri kazi ile ingefumuliwa na watoto wakangojea miaka kumi na miwili.

Nadai, basi, mambo mawili. La kwanza ni kwamba mkufunzi anapokagua ampe mwalimu-mwanafunzi nafasi ya kueleza badiliko alilofanya: aliona nini kwa watoto, alipunguza au aliongeza nini, na kipindi kijacho kitaanzia wapi. Sehemu ya maoni mwishoni mwa andalio yatosha kwa kazi hiyo, endapo tutaacha kuijaza kwa maneno yale yale ya “somo limeeleweka vizuri”. Asiyeweza kueleza akose alama, na aliyeeleza azipate, hata kama lengo la siku halikufikiwa.

La pili ni kwamba kazi ya kufuma iingie darasani, tena katika Hisabati, wavulana kwa wasichana. Sisemi hivi kwa kupenda mambo ya zamani, ingawa Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ingetosha kunitetea. Elizabeth Zimmermann, mfumaji mzaliwa wa Uingereza aliyeishi Marekani, na ambaye mwaka 1971 alitoa kitabu kiitwacho Knitting Without Tears, aliwafundisha watu kufuma masweta bila kutegemea karatasi ya mtu mwingine. Kwake yeye idadi ya vitanzi vya kifua ndiyo mia kwa mia, na vipimo vingine vyote ni asilimia zake. Kiwiko cha mkono kinapokutana na kiganja ni kama asilimia 20, na sehemu ya juu ya mkono ni kama asilimia 33. Kwa sweta langu la vitanzi 132, hiyo ni vitanzi 26 kwa 44. Mkono una sentimeta 24 za kupanuka, kila sentimeta 10 ni mistari 28, na vitanzi huongezwa viwiliviwili. Je, uongeze kila baada ya mistari mingapi? Mpeni swali hilo mwanafunzi wa darasa la saba mwenye sindano mkononi, kisha mpeni lile la mfanyabiashara asiye na jina aliyenunua magunia kwa faida ya asilimia kadhaa, mwone lipi atalihangaikia. Nami nilipolifanya nilipata mara 9, kila baada ya mistari 7. Sindano, kwa walio na wasiwasi wa gharama, huchongwa kwa vijiti vya mianzi na kulainishwa kwa msasa.

Sweta lilikabidhiwa pamoja na mengine mwezi Juni. Mtoto aliingiza kwanza mkono wake wa kushoto, kisha kichwa, kisha wa kulia, akafunga vifungo viwili mwenyewe, na cha tatu kikamshinda kwa kuwa tundu nililifuma dogo. Nimelipanua tangu hapo. Zile alama za Bunda hazikupanuliwa. Zilikwisha kupelekwa, na mwenyewe alikwisha kuhitimu na kupangiwa kazi mbali na mkoa huu.

Maelekezo ya sweta hili, pamoja na mabadiliko yote na hesabu zake, nimeyaandika upya kwa Kiswahili nyuma ya ile karatasi ya awali. Mwanachuo atakaye kuyanakili aje Iringo Jumamosi yoyote alasiri. Aje na uzi wake, na kipande cha majaribio alichokifuma kwa kuzunguka.