Ukienda Fort Jesus, usirudi na malaria

Shule zinapokaribia kufungwa mwezi wa Aprili, familia nyingi za Nairobi huanza kupanga safari ya Mombasa. Baba hutafuta tikiti za garimoshi, mama hutafuta nyumba karibu na ufuo, nao watoto wanataka kuiona Fort Jesus waliyosoma habari zake darasani. Ni safari njema. Jambo linalosahaulika ni mbu.

Ngome hiyo yenyewe ina la kutufunza. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Waarabu wa Oman walipoizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, maradhi yaliwaua watu wengi waliokuwa ndani kuliko mizinga. Kuta zile nene hazikuwafaa.

Machi hadi Mei ni masika huko Pwani. Maji hutuama, na mbu wanaoeneza malaria huzaana. Mkazi wa Nairobi aliyezaliwa Kilifi au Siaya, akaugua malaria mara nyingi utotoni, hudhani mwili wake umekwisha kuzoea. Ukweli ni kwamba kinga hiyo hupungua mtu anapoishi miaka mingi mahali pasipo na malaria. Watoto wake waliokulia jijini hawana kinga hiyo. Mbele ya mbu, wao ni wageni sawa na mtalii kutoka Ujerumani. Tofauti ni kwamba mtalii mara nyingi huja na dawa mkobani, nasi tunabeba nguo za kuogelea tu.

Kwa maoni yangu, gharama ya kinga iingizwe katika bajeti ya safari pamoja na nauli. Muone daktari wiki tatu kabla ya kuondoka. Zipo dawa za kuzuia malaria zinazoanzwa wiki kadhaa mapema, na nyingine siku moja au mbili tu. Zote huendelea kumezwa baada ya kurudi, nyingine siku 7, nyingine wiki 4. Mama mjamzito na mtoto mdogo hawafai kupewa kila aina, kwa hivyo msigawane vidonge. Bebeni vyandarua vilivyotiwa dawa, na jioni vaeni nguo za mikono mirefu.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hatari haiishii Mombasa. Dalili za malaria kwa kawaida huonekana baada ya siku 7 au zaidi tangu mtu kuumwa na mbu, wakati mwingine hata baada ya mwezi. Homa hiyo itakukuta umesharudi kazini, nawe utasema ni baridi ya Nairobi na kununua vidonge vya maumivu. Usifanye hivyo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, mweleze daktari ulikuwa Pwani na lini, kisha damu yako ipimwe. Ikipatikana malaria, maliza dozi yote hata ukipata nafuu siku ya pili. Mtoto asicheleweshwe hata usiku mmoja, kwa maana hali yake huweza kubadilika kwa saa chache.

Nasi madaktari wa jijini tuna wajibu. Kila mgonjwa mwenye homa aulizwe alisafiri wapi hivi karibuni. Swali hilo halilipiwi, na linaweza kuokoa maisha.